Kuvuna data za tovuti kwa Scrapy: kutoka ukurasa mmoja hadi elfu moja

Ukitaka orodha ya vitu kumi kutoka kwenye tovuti, fungua kivinjari, nakili, bandika, basi. Usijisumbue na programu. Vikifika mia, mkono utaanza kuteleza: mstari huu utaurudia, ule utauruka. Vikifika elfu, hiyo si kazi ya mtu tena, ni kazi ya buibui.

Buibui ndivyo inavyoitwa programu inayotambaa kutoka kiungo hadi kiungo, ikisoma kila ukurasa na kuchukua kile ulichoiagiza. Hapa tutamtengeneza mmoja kwa Scrapy, laibrari ya Python ya chanzo huria iliyotolewa hadharani mwaka 2008. Zipo njia nyepesi zaidi. Kwa ukurasa mmoja au miwili, mimi mwenyewe bado natumia laibrari za requests (ya kupakua ukurasa) na BeautifulSoup (ya kuusoma). Ila ukishataka kufuata viungo, kutorudia ukurasa uliokwisha kusomwa, kujaribu tena seva ikikwama, kupunguza kasi na kuandika matokeo kwenye faili, utajikuta unaiandika Scrapy upya, tena vibaya.

Niseme mapema jambo linalowatesa wengi: ukurasa unaouona wewe kwenye kivinjari na ukurasa anaoupokea buibui si lazima ufanane. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kutazama. Msimbo wenyewe ni mfupi.

Uwanja wetu wa mazoezi ni books.toscrape.com, duka la vitabu la kubuni lililowekwa mahususi kwa watu wanaojifunza kuvuna data. Lina vitabu 1000 vilivyopangwa kwenye kurasa 50, kila ukurasa vitabu 20. Bei na nyota zake zimepachikwa kibahatibahati, hivyo usije ukazichambua ukidhani zina maana.

Hatua ya 1: Andaa mazingira

Unahitaji Python 3 na terminali. Tenga mazingira ya mradi huu peke yake, laibrari zake zisije zikagombana na za miradi mingine:

```
python3 -m venv mazingira
source mazingira/bin/activate
pip install scrapy
scrapy startproject duka
cd duka
scrapy genspider vitabu books.toscrape.com
```

Kwenye Windows, mstari wa pili unakuwa `mazingira\Scripts\activate`. Mradi na buibui wasiwe na jina moja, Scrapy itakukatalia. Utapata folda yenye mafaili kadhaa, lakini kwa leo tunagusa mawili tu: `settings.py` na `spiders/vitabu.py`. Mengine yaache yalale.

Hatua ya 2: Piga hodi

Kabla ya kuvuna tovuti yoyote, fungua anwani yake ukiongeza `/robots.txt` mwishoni. Hilo ni faili ambamo mwenye tovuti anawaambia buibui wapite wapi na wasipite wapi. Utaratibu huu ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, ukaishi miaka karibu thelathini kama desturi tu, hadi mwaka 2022 ulipoandikwa rasmi kama RFC 9309, waraka wa viwango vya intaneti. Si kufuli. Hakuna kinachokuzuia kuupuuza, kama ambavyo hakuna kinachokuzuia kuingia nyumba ya mtu bila hodi mlango ukiwa wazi.

Mradi mpya wa Scrapy huja na `ROBOTSTXT_OBEY = True`, yaani buibui atalisoma faili hilo kwanza na kulitii. Iache hivyo. Soma pia masharti ya matumizi ya tovuti, na uangalie kama wana API (mlango rasmi wa programu kuchukulia data) au faili la kupakua. Nimewahi kuona mtu akihangaika siku mbili na buibui wakati data ile ile ilikuwa inapakuliwa kama CSV, faili la jedwali, kwa kiungo kilichokuwa chini kabisa ya ukurasa.

Taarifa za watu, kama majina, namba za simu na barua pepe, ni habari nyingine kabisa. Kuonekana hadharani si ruhusa ya kuzikusanya, na nchi nyingi zina sheria juu ya hilo. Kama kazi yako haizihitaji, usizichukue.

Hatua ya 3: Tazama ukurasa kwa macho ya buibui

Wanaoanza huiruka hatua hii, kisha wanarudi wakilalamika kwamba Scrapy haifanyi kazi. Usiandike hata mstari mmoja wa buibui bado. Fungua kwanza ganda la majaribio:

```
scrapy shell "https://books.toscrape.com/"
```

Weka anwani ndani ya alama za kunukuu kila mara. Anwani ikiwa na alama ya `&` na hukuifunga, terminali itaikata hapo hapo na utabaki unajiuliza kwa nini umepewa ukurasa mwingine.

Sasa uko ndani, na ukurasa umeshapakuliwa kwenye kigezo kiitwacho `response`. Uliza maswali:

```
>>> response.status
200
>>> vitabu = response.css("article.product_pod")
>>> len(vitabu)
20
>>> k = vitabu[0]
>>> k.css("p.price_color::text").get()
'£51.77'
```

Namba 200 maana yake seva imekubali. Vitabu 20 ndivyo tulivyotarajia, kwa hiyo kichaguzi cha CSS, yaani yale maandishi ndani ya `css(...)` yanayotaja kipengele cha ukurasa, kimelenga panapotakiwa. Hesabu hii ya haraka ni ya lazima: ingekuja 19 au 21, ningesimama hapo kujua sababu kabla ya kusonga.

Sasa jaribu jina la kitabu kwa `k.css("h3 a::text").get()`. Utapata jina lililokatwa, lenye vidoti vitatu mwishoni. Aliyetengeneza ukurasa ameyafupisha majina marefu ili yaenee kwenye kisanduku. Jina kamili limefichwa kwenye sifa ya `title` ya kiungo kile kile, na unalipata kwa `k.css("h3 a::attr(title)").get()`. Kama ungevuna vitabu vyote 1000 bila kuangalia, ungegundua majina ni vipande wiki moja baadaye, tena mbele ya mtu aliyekuagiza kazi.

Nyota nazo zina kituko chake. Ukitazama kwa macho ni nyota tatu za rangi. Ukitafuta namba 3 kwenye HTML, yaani maandishi ghafi yanayounda ukurasa, haipo. Ipo hivi:

```
>>> k.css("p.star-rating::attr(class)").get()
'star-rating Three'
```

Idadi imeandikwa kwa neno, ndani ya jina la klasi. Rangi zinawekwa na CSS, lugha ya mapambo ya ukurasa. Mambo ya aina hii huwezi kuyakisia, lazima uyaone.

Halafu angalia kiungo cha ukurasa unaofuata. Kwenye ukurasa wa kwanza, `response.css("li.next a::attr(href)").get()` inakupa `catalogue/page-2.html`. Ukiwa ukurasa wa pili, inakupa `page-3.html`, bila `catalogue/`. Mtu anayeunganisha anwani kwa mkono hujikwaa hapo. Scrapy ina `response.follow`, inayokokotoa anwani kamili kulingana na ukurasa uliopo, kwa hiyo hilo tuiachie yenyewe.

Onyo kuhusu zana za kivinjari. Ukibofya kitu kwa kitufe cha kulia na kuchagua kukagua, unachoonyeshwa si HTML iliyotoka kwenye seva. Ni HTML baada ya kivinjari kuirekebisha na JavaScript kupita. Mfano mdogo ni jedwali: kivinjari huongeza tagi ya `tbody` hata kama mwandishi hakuiweka. Ukinakili njia ya XPath (namna nyingine ya kutaja kipengele cha ukurasa) kutoka kwenye kivinjari ikiwa na `tbody` ndani yake, buibui anaweza kurudi mikono mitupu. Ukiwa na shaka, andika `view(response)` kwenye ganda. Itakufungulia ukurasa ule hasa ambao Scrapy imeupokea. Au bonyeza Ctrl+U kwenye kivinjari uone chanzo ghafi.

Hatua ya 4: Andika buibui

Kwa kuwa tumeshatazama, kuandika ni kunakili tulichokiona. Fungua `spiders/vitabu.py`, futa kilichomo, weka hiki:

```python
import scrapy


class VitabuSpider(scrapy.Spider):
    name = "vitabu"
    allowed_domains = ["books.toscrape.com"]
    start_urls = ["https://books.toscrape.com/"]

    NYOTA = {"One": 1, "Two": 2, "Three": 3, "Four": 4, "Five": 5}

    def parse(self, response):
        for kiungo in response.css("article.product_pod h3 a"):
            yield response.follow(kiungo, callback=self.soma_kitabu)

        ijayo = response.css("li.next a::attr(href)").get()
        if ijayo:
            yield response.follow(ijayo, callback=self.parse)

    def soma_kitabu(self, response):
        kuu = response.css("div.product_main")
        klasi = kuu.css("p.star-rating::attr(class)").get(default="")
        yield {
            "jina": kuu.css("h1::text").get(),
            "bei": kuu.css("p.price_color::text").get(),
            "nyota": self.NYOTA.get(klasi.replace("star-rating", "").strip()),
            "upc": response.xpath(
                "//th[text()='UPC']/following-sibling::td/text()"
            ).get(),
            "maelezo": response.css("#product_description + p::text").get(),
            "url": response.url,
        }
```

Funksheni ya `parse` inashughulikia kurasa za orodha. Inafanya mawili: inatuma ombi kwa kila kitabu, na kama kuna ukurasa unaofuata, inaufuata. Ukurasa wa 50 hauna kiungo cha mbele, kwa hiyo `ijayo` inakuwa tupu na safari inaisha yenyewe. Ukitumia `yield` kwa ombi, Scrapy inalipanga foleni. Ukiitumia kwa kamusi, inaihesabu kuwa mavuno na kuiandika kwenye faili. Huhitaji kujua zaidi ya hapo kuhusu `yield` kwa sasa.

Mbona nimeanza na `div.product_main` badala ya kutafuta bei popote ukurasani? Kwa sababu kurasa nyingi za vitabu zina mstari mwingine chini, wa vitabu vilivyotazamwa karibuni, navyo vina bei na nyota zao. Ukitafuta ukurasa mzima unaweza kuokota bei ya jirani. Jina kamili safari hii tunalichukua kwenye `h1`, ambapo halikukatwa.

Kumbuka `.get()` ikikosa kitu inarudisha `None`, haipigi kelele. Kelele utaisikia mstari unaofuata, ukiita `.strip()` au `.replace()` juu ya hiyo `None`. Ndiyo maana kwenye klasi nimeweka `default=""`.

Kwenye `allowed_domains` andika jina la tovuti tupu, bila `https://` wala mkwaju. Orodha hiyo ndiyo kamba ya buibui. Bila hiyo, kiungo kimoja cha nje kinatosha kumpeleka mahali ambapo hukumtuma.

Hatua ya 5: Mpunguze kasi

Scrapy imejengwa juu ya Twisted, laibrari ya Python ya kushughulikia maombi mengi ya mtandao kwa pamoja, kwa hiyo haikai ikisubiri jibu moja ndipo itume ombi jingine. Ukiiacha na mipangilio yake ya msingi ya siku zote, inaweza kuwa na maombi 16 hewani kwa wakati mmoja, 8 kati yake kwa tovuti moja. Kwa seva kubwa hilo ni kama mbu kumtua tembo. Kwa seva ndogo ya mtu mmoja, ni usumbufu wa kweli. Matoleo mapya yanaunda mradi wenye mipangilio ya upole zaidi, lakini mimi huandika mwenyewe nisibahatishe. Kwenye `settings.py`:

```python
USER_AGENT = "mvunaji-majaribio +https://mfano.example/buibui"
ROBOTSTXT_OBEY = True
CONCURRENT_REQUESTS_PER_DOMAIN = 1
DOWNLOAD_DELAY = 1
AUTOTHROTTLE_ENABLED = True
HTTPCACHE_ENABLED = True
FEED_EXPORT_ENCODING = "utf-8"
```

`USER_AGENT` ni kitambulisho chako. Weka jina na anwani ya kweli, ili mwenye tovuti akiona kitu kisicho cha kawaida kwenye kumbukumbu zake ajue wa kumuuliza. `DOWNLOAD_DELAY` ya sekunde 1 haimaanishi sekunde moja kamili kila mara. Scrapy huichezesha kati ya nusu sekunde na sekunde moja na nusu. `AUTOTHROTTLE_ENABLED` inapima seva inachukua muda gani kujibu na kuongeza subira ikiona imelemewa.

`HTTPCACHE_ENABLED` ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inahifadhi kila ukurasa kwenye diski yako. Ukigundua umekosea kichaguzi, unarekebisha na kurudia bila kuisumbua seva tena, na kazi ya dakika nyingi inaisha kwa sekunde chache. Ila kwa kawaida akiba hiyo haichachi: kesho ukitaka bei mpya, utapewa za jana hadi ufute folda ya `.scrapy/httpcache` au uzime mpangilio huo.

Mstari wa mwisho unazuia herufi kama £ kuandikwa `\u00a3` kwenye faili la JSON, umbo la maandishi la kuhifadhia data.

Hatua ya 6: Endesha, kidogo kwanza

```
scrapy crawl vitabu -s CLOSESPIDER_ITEMCOUNT=30 -O jaribio.csv
```

Atasimama akifikisha vitabu 30, au vichache zaidi ya hapo kwa sababu ya maombi yaliyokuwa njiani. Fungua `jaribio.csv` na uisome. Usiipitishe macho, isome. Safu ipi ni tupu? Jina lipi ni la ajabu? Ukiridhika:

```
scrapy crawl vitabu -O vitabu.jsonl
```

Herufi kubwa `-O` inafuta faili la zamani na kuandika upya. Ndogo `-o` inaongezea mwishoni. Ukitumia ndogo kwa faili la `.json` mara mbili, utapata orodha mbili zilizobandikwa pamoja na faili halitasomeka. Umbo la `.jsonl`, ambalo kila mstari ni rekodi inayojitegemea, halina tatizo hilo.

Kwa subira ya sekunde moja, maombi zaidi ya elfu moja yanachukua dakika 17 hivi, pengine zaidi. Mwache. Akimaliza atakumwagia takwimu. Hizi ndizo za kuangalia:

```
'downloader/response_status_count/200': 1050,
'downloader/response_status_count/404': 1,
'finish_reason': 'finished',
'item_scraped_count': 1000,
```

Kurasa 50 za orodha na 1000 za vitabu ni 1050. Hiyo 404 moja, maana yake ukurasa haupo, huwashtua watu: ni ya `robots.txt`, kwa kuwa duka hili la mazoezi halina faili hilo, na kutokuwepo kwake kunachukuliwa kuwa hakuna katazo.

Bei zimebaki maandishi, pamoja na alama ya pauni. Nimeziacha makusudi. Napenda kuhifadhi nilichokiona kama kilivyo na kukisafisha baadaye kwa hati nyingine, maana kosa la kusafisha linarekebishika ila kilichotupwa wakati wa kuvuna hakirudi. Na kama umewahi kuvuna tovuti hii kwa requests ukapata `Â£` badala ya `£`, hukukosea popote: seva haisemi ni usimbaji upi wa herufi uliotumika, requests ikakisia vibaya. Scrapy inausoma ndani ya ukurasa wenyewe.

Pale anapokwama

Kisa cha kawaida kabisa: buibui amemaliza salama, hakuna kosa jekundu, na faili ni tupu. Angalia takwimu za majibu. Kwa kawaida Scrapy haiupeleki ukurasa kwenye funksheni yako kama jibu si la kufaulu, inautupa na kuandika mstari mmoja tu kwenye kumbukumbu. Ukiona 429, umeambiwa unakimbia mno, ongeza subira. Ukiona 503, seva imelemewa au iko matengenezoni. Scrapy hujaribu tena mara mbili zaidi kwa namba hizo, kisha inakata tamaa. Ukiona 403 na umejitambulisha vizuri, hilo ni jibu la hapana. Kuna watu watakufundisha kubadili sura ili uingie. Mimi huandika barua pepe kuomba, au natafuta chanzo kingine.

Kisa cha pili: majibu yote ni 200, lakini vichaguzi vinarudi vitupu. Rudi kwenye ganda, andika `view(response)`. Ukiona ukurasa mweupe au duara la kusubiri, maudhui yanaletwa na JavaScript baada ya ukurasa kufunguka. Usikimbilie kuendesha kivinjari kizima kwa scrapy-playwright. Fungua zana za kivinjari, sehemu ya mtandao, pakia ukurasa upya, uone maombi yanayopita nyuma ya pazia. Mara nyingi mojawapo linaleta JSON safi yenye kila unachotaka. Mwelekeze buibui huko, usome kwa `response.json()`, na unaachana na HTML kabisa. Playwright iwe ya mwisho: ni nzito na ya polepole.

Kisa cha tatu kilinikuta mwenyewe. Nilimwachia buibui tovuti moja usiku, nikalala. Tovuti ilikuwa na kalenda ya matukio, na kalenda ina kiungo cha mwezi ujao. Kila mwezi ujao nao una mwezi ujao. Asubuhi nilimkuta ametambaa hadi mwaka ambao wajukuu wa wajukuu zangu hawatauona, akikusanya siku tupu kwa bidii. Scrapy hairudii anwani iliyokwisha kuisoma, lakini hapo kila anwani ilikuwa mpya. Tangu siku hiyo, kwenye tovuti nisiyoijua naweka `DEPTH_LIMIT` (kikomo cha kina cha viungo) na `CLOSESPIDER_PAGECOUNT` (kikomo cha idadi ya kurasa) kabla ya kitu kingine.

Kazi ikiwa ndefu, ongeza `-s JOBDIR=kazi/vitabu-1` kwenye amri, na safari hii tumia `-o` ndogo, la sivyo kila ukianza upya mavuno ya mwanzo yatafutwa. Ukitaka kusimamisha, bonyeza Ctrl+C mara moja tu na usubiri amalizie yaliyo mkononi. Ukirudia amri ile ile ataendelea alipoishia. Ukibonyeza mara mbili kwa pupa, unamkata ghafla na foleni inaweza kuharibika.

Faili likishakamilika, hesabu UPC (namba ya utambulisho ya kila kitabu) zisizojirudia. Zikiwa 1000, chagua mistari mitatu popote katikati ya faili, fungua `url` zake kwenye kivinjari, na ulinganishe jina, bei na nyota kwa macho yako.